Mandala ya Mikono Miwili kwa Bahasha: Ikienda Kombo, Anzia Wapi

Mimi naandika mabango na kuchora kuta hapa Mikindani, na pembeni nachora mandala. Mwenzangu yuko Dodoma. Ni mwalimu wa shule ya msingi, dada aliyenizidi umri, na tangu tuanze kubadilishana karatasi hatujawahi kukaa meza moja. Yeye anachora pete moja, anatuma. Mimi nachora inayofuata, narudisha. Karatasi moja inaweza kwenda na kurudi mara sita au saba kabla ya mmoja wetu kusema basi.

Kwa mgeni wa jambo hili: mandala ni neno la Kisanskriti, maana yake duara. Wahindu na Wabudha wana mandala zao za ibada, na watawa wa Tibet huitengeneza kwa mchanga wa rangi siku nyingi, kisha wakaufagia. Zetu hazina ibada. Ni urembo unaoanzia kitovuni ukatoka nje pete kwa pete. Kama umewahi kuitazama kawa ya ukindu kwa juu, ikiwa imefunika wali, basi umeshaiona.

Watu wawili walio mbali wakifanya kazi moja, kila kinachoharibika hutupiwa usafiri. Nimefanya hivyo sana. Lakini nikihesabu kwa haki, mara nyingi kosa lilikuwa limeshaingia kwenye karatasi kabla sijagusa bahasha. Kwa hiyo haya nimeyapanga kwa dalili: anza na unachokiona, shuka kwenye sababu, na usafiri uuache mwisho.

Petali ya mwisho haifungi duara

Umechora petali kumi na moja safi, ya kumi na mbili haina pa kukaa. Au imebaki nafasi ya petali moja na nusu. Au ukiweka rula kwenye mistari ya mwenzako, haipiti kitovuni.

Sababu ninayoikuta zaidi ni makosa madogo yaliyojumlishwa. Mtu anapima nyuzi 30, anahamisha kipimapembe, anapima 30 nyingine kutoka pale alipofikia, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukikosea nusu ya nyuzi kila mara, kufikia mara ya kumi na mbili umepotea nyuzi 6. Kwenye duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 9, nyuzi moja ni kama milimita 1.6 kwenye mzingo, kwa hiyo umekosea karibu sentimita nzima. Ukitumia kipimapembe, kiweke mara moja, piga alama zote toka sifuri hadi 180, kisha kigeuze upande wa pili kwenye mstari uleule.

Mimi kipimapembe nimekiacha kwenye mkebe. Natumia bikari. Ifunge kwenye nusu kipenyo cha duara, chomeka ncha popote kwenye mzingo, katiza, hamia pale ulipokatiza, katiza tena. Hatua sita unarudi ulipoanzia. Gawa kila kipande katikati upate 12, gawa tena upate 24. Ukitaka 16, anza na msalaba, gawa upate 8, gawa tena. Hakuna kusoma namba, hakuna kukodoa macho. Ndiyo sababu mimi na dada tunaanzia kwenye 12 au 16 tu. 16 inadai nyuzi 22.5, na kipimapembe cha mwanafunzi hakina alama ya nusu.

Hatua hizo sita ni kipimo pia. Mwenzako akikuletea duara, kabla ya kumlaumu, tembeza bikari. Hatua ya sita isipotua kwenye alama ya kwanza, kuna kitu kimesogea, na ni kimoja kati ya viwili: bikari au karatasi.

Bikari ikiwa na kiungo kilicholegea hufunguka kidogo kidogo unapozungusha, na mstari wa mwisho haukutani na wa kwanza. Hilo unaliona papo hapo. Lisiloonekana haraka ni tundu la kitovu. Watu wawili wakichomeka sindano kwenye tundu moja kwa safari sita, tundu linakuwa kama punje ya mtama, na kila pete inakuwa na kitovu chake. Bandika kipande kidogo cha masking tepu nyuma ya kitovu kabla ya duara la kwanza. Kwenye karatasi iliyokwisha kutoboka, bandika hiyo tepu nyuma, piga upya mistari miwili ya kipenyo kwa penseli, na mahali inapokatana ndipo utakapochomeka.

Karatasi nayo ina hila zake, na hapa niliaibika. Mwaka wetu wa kwanza nilichora maduara matano mwezi Aprili, mvua bado zinapiga, kuta za chumba changu zina jasho. Dada hakuigusa kazi mpaka Julai. Siku hiyo akaniandikia: "Kaka, hili duara lako ni yai."

Nikamjibu kwamba bikari yangu ni ya chuma na mkono wangu umeandika mabango miaka mingi. Hakubishana. Akaniletea picha mbili. Ya kwanza, rula imelala wima kwenye duara la nje: sentimita 18 kasoro milimita moja. Ya pili, rula imelala mlalo: 18 kasoro milimita mbili na nusu.

Karatasi imetengenezwa kwa nyuzinyuzi za mimea, na kiwandani nyingi hulala kuelekea upande mmoja. Zikinywa unyevu hunenepa, zikikauka husinyaa, na kunenepa huko ni kwa upana kuliko urefu. Nilichora duara la haki kwenye karatasi iliyovimba kwa hewa ya pwani. Dodoma ya Julai ni kavu, ikasinyaa zaidi upande mmoja. Kwa hiyo pima vipenyo viwili vinavyokatana kwa pembe mraba. Vikiwa sawa lakini si vile mlivyokubaliana, shika bikari. Vikitofautiana, ni karatasi, na mwenzako hana kosa.

Dawa yake si kusahihisha duara. Itoe karatasi kwenye bahasha, iache mezani usiku mmoja na mchana wake izoee chumba, ndipo upime. Pete yako mpya ipime kutoka kitovuni, usiipime kutoka kwenye ukingo wa pete yake. Tangu hapo pia tunapiga alama nne ndogo za msalaba nje ya mchoro, juu, chini, kushoto na kulia, na nyuma ya karatasi tunaandika umbali kati ya alama hizo siku zilipopigwa. Anayepokea hupima alama kwanza. Ukitaka kujua nyuzinyuzi zimelala wapi, ikunje karatasi kidogo bila kuivunja, kwa urefu halafu kwa upana: mkunjo unaokubali kirahisi, mstari wake ndio unaofuata zinakoelekea. Karatasi ya gramu 200 kwa mita ya mraba hutulia kuliko ile ya mashine ya fotokopi ya gramu 80, ambayo sikushauri hata kwa majaribio.

Kuna sababu nyingine ya duara kutofunga, na hii niliambiwa na mtu asiyeshika bikari. Jirani yangu ni bibi anayesuka makawa na mikeka. Alipita barazani nikiwa nimeitandika kazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hirizi hiyo?"

Nikacheka, nikamweleza. Akainama, akaweka kidole kwenye petali moja, kidole gumba cha mkono wa pili akakibana juu yake kama anavyobana ukindu usifumuke, akaanza kuzunguka huku midomo ikicheza. Akarudi alipoanzia.

"Kumi na moja."

"Ni kumi na mbili, bibi."

"Hesabu."

Zilikuwa kumi na moja. Nilichora pete ile usiku, umeme umekatika, kwa kukadiria na taa ya simu, nikijiambia gridi ipo nitaifuata. Yeye akanionyesha kwenye kawa yake jinsi anavyoacha uzi wa rangi pale mzunguko unapoanzia, ili akikatizwa na wageni asipotee. Sasa petali ya kwanza ya kila pete naiwekea nukta ya penseli, na dada kule anafanya vivyo hivyo. Na hakuna wino kugusa karatasi kabla pete nzima haijahesabiwa kwa penseli.

Wino umeota nywele, umetoka machozi, au umehama

Hizi ni dalili tatu, usizichanganye.

Mistari iliyoota vinyweleo pembeni, kama miguu ya jongoo, ni karatasi. Manila laini ya dukani, hasa iliyokaa rafu moja tangu masika iliyopita, imelegea uso na inafyonza wino kama pamba. Kalamu haina kosa, badilisha karatasi.

Mistari iliyokuwa safi ikatoa machozi mwenzako alipopitisha rangi ya maji, hiyo ni kalamu. Wino wa rangi ya kuyeyuka huyeyuka tena ukiguswa na maji, hata baada ya miezi. Wino wa pigmenti ukikauka haujali maji. Angalia ubavuni mwa kalamu kabla ya kununua. Peni ya kawaida ya kuandikia nayo ina mtego wake: wino wake ni wa mafuta, hautishwi na maji, lakini pitisha makapeni yenye spiriti juu yake uone unavyosambaa na kuchafua pete nzima. Tulipoteza kazi moja hivyo. Mimi nilichora kwa peni, yeye akapaka kwa makapeni, na kila mmoja alikuwa amejaribu kifaa chake peke yake kikafanya vizuri.

Mistari iliyohama, yaani unaona kivuli cha mchoro kwenye karatasi iliyofunikwa juu yake, ni wino wa jeli uliofungwa kabla haujakauka. Kwenye hewa yetu ya Novemba hadi Mei mimi huuachia siku nzima, dada Dodoma hungoja saa chache tu.

Kipimo ni kimoja kwa zote tatu. Kata ukanda wa karatasi ileile ya kazi, piga mistari kwa kila kalamu utakayotumia, andika jina la kalamu mbele ya mstari, lala. Asubuhi pitisha kidole chenye maji upande mmoja wa mistari, na pamba yenye spiriti upande wa pili. Mstari uliosalimika kote ndio unaoingia kwenye kazi. Ukanda huo unaingia kwenye bahasha pamoja na karatasi, ili mwenzako aone kwa macho yake asiyamini maneno yako.

Jambo dogo lililotusumbua miezi: mlikubaliana kalamu ya "sifuri moja", na bado mistari yako imenenepa kuliko yake. Namba si milimita kwa kila kampuni. Pigma Micron 01 huchora mstari wa milimita 0.25, na 05 yao ni 0.45. Kalamu ya kampuni nyingine iliyoandikwa 0.1 inaweza kuwa nyembamba zaidi kwa mbali. Kubalianeni kwa mstari uliochorwa kwenye ule ukanda, msikubaliane kwa namba.

Karatasi imefika na mkunjo au mawimbi

Mkunjo mkali, wenye mstari, umetokana na kukosa ubao. Kuandika USIKUNJE kwa herufi kubwa kunasaidia siku mtu akiwa na muda wa kusoma. Ubao unasaidia siku zote. Kata vipande viwili vya boksi la biskuti au la sabuni, vikubwa kuliko karatasi kwa sentimita 2 kila upande. Ukilitazama boksi kwenye ukingo utaona mifereji ndani yake. Kipande kimoja mifereji ikae wima, cha pili ilale. Ukiviweka pamoja, jaribu kuvikunja kwa mikono: havikubali upande wowote. Vikiwa na mifereji ya upande mmoja, vinakunjika kama kitabu, na mandala yako katikati.

Karatasi usiibandike kwenye ubao. Kunja pembetatu nne za karatasi kama zile za albamu za zamani za picha, bandika hizo kwenye ubao, kisha chomeka pembe za kazi ndani. Selotepu haigusi mchoro, na karatasi ina nafasi ya kupumua.

Mawimbi bila mkunjo ni unyevu ulioingia pembeni tu, katikati pakabaki pakavu. Ilaze kifudifudi kati ya karatasi mbili safi, weka vitabu vizito, siku mbili au tatu. Wengine hupiga pasi. Mimi sipigi, nimeona wino wa jeli ukilainika na kung'aa vibaya, na ukishaona hivyo huna pa kurudi.

Kazi kubwa kuliko A3 huviringishwa ikaingia bombani. Tumia bomba la plastiki la fundi maji, la inchi 3 au zaidi, wala usifunge mpira wa pesa juu ya karatasi. Mpira huacha kiuno.

Madoa na ukungu

Vidoadoa vya kahawia au harufu ya kabati la bibi: umefunga karatasi yenye unyevu ndani ya nailoni. Tunadhani nailoni inazuia mvua, na kweli inazuia, ila pia inafungia ndani hewa uliyoifunga nayo. Ukifunga saa saba mchana wa Februari, umefunga jasho. Hewa ikipanda juu ya asilimia 65 hivi za unyevu na kukaa hapo, ukungu unapata maisha. Nailoni itumie, lakini baada ya karatasi kulala kwenye chumba kikavu, na weka ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikikosekana, mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta, ukapoa, ukafungwa kwenye kitambaa, unafanya kazi kama unavyofanya kwenye kichupa cha chumvi. Usianike mchoro juani: ukungu utakufa, na rangi pia.

Bahasha haijafika

Sasa tumefika kwenye usafiri. Jiulize kwanza: iliondoka? Si "nilimpa mtu apeleke". Iliondoka, na una karatasi mkononi? Barua ya kawaida yenye stempu haina namba ya kuifuatilia, ukishaidumbukiza, umeiaga. Rejista ina namba, na EMS, ile posta ya haraka, ina namba. Kwa kazi ya miezi minne sioni maana ya kubana hela hapo.

La pili ni anwani, na hapa tena kosa langu nalikiri. Kwetu barua nyingi huenda kwenye sanduku la posta, na sanduku mara nyingi si la mtu, ni la shule, la ofisi au la msikiti. Niliandika S.L.P. ya shuleni kwao na jina ninalomwita mimi, jina la utani. Bahasha ilifika vizuri. Ikakaa wiki tatu kwenye meza ya ofisi, ndani ya rundo la barua zisizo na mwenyewe, hatua chache kutoka darasa analofundisha, huku mimi nikimpigia simu kila mtu ila katibu wa shule. Andika jina lililo kwenye kitambulisho, kwa mkono wa nani barua ipitie, sanduku, mji, postikodi, na namba ya simu. Postikodi za Mtwara huanza na 63, za Lindi 65, za Dodoma 41. Ukiona yako haianzi hivyo, umenakili vibaya.

La tatu ni basi. Wengi huku hutuma mizigo kwa basi, na kwa Lindi, Masasi au Dar ni haraka kweli. Tatizo linaanza kifurushi kinapotakiwa kubadilisha basi. Basi la Kusini mara nyingi linaishia Dar. La Dodoma ni jingine, ofisi nyingine, risiti nyingine. Kama huna mtu Dar wa kukipokea jioni na kukipeleka asubuhi, kitalala stoo kikiwa na jina la mtu aliye kilomita mia kadhaa kutoka pale. Tuma kwa basi pale ambapo gari ni moja tu. Chukua risiti, ipige picha, mtumie mpokeaji picha hiyo pamoja na namba ya gari na saa ya kuondoka. Kifurushi kisichofuatwa hakiulizwi.

Zipo siku ambazo hakuna wa kuulizwa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ya Kusini ikakatika upande wa Kilwa, bahasha yetu ilikuwa njiani. Tulichokuwa nacho ni picha. Kabla ya kila safari tunapiga picha kutoka juu moja kwa moja, rula ikiwa pembeni ya mchoro, kwenye kivuli cha mlango na si juani. Na kila mmoja ana daftari lenye vipimo: pete ya kwanza sentimita 2, ya pili 3.5, ya tatu 5, ngapi zimegawanywa 12 na ngapi 24. Kazi ikipotea, mifupa yake ipo pande zote mbili.

Mwenzako akiwa nje ya nchi, kifurushi kidogo hubandikwa fomu ya forodha ya CN 22. Andika wazi kwamba ndani ni mchoro kwenye karatasi, na uandike thamani. Ukiandika "zawadi" tu, umewapa sababu ya kukifungua.

Mkono mmoja umemeza mwingine

Dalili hii haionekani kwa rula. Unaitazama kazi, unajua kuna tatizo, ila kila mstari upo mahali pake. Kwetu ilikuwa hivi: mimi najaza. Kazi ya mabango imenifundisha kuogopa nafasi tupu. Dada huacha hewa. Pete zangu zikawa nyeusi, zake zikaonekana kama hazijaisha, na siku moja nikafanya kosa kubwa kuliko yote: nikaingia kwenye pete yake nikajaza vinukta. Nilidhani namsaidia.

Nilipompigia, alinyamaza kidogo.

"Shikamoo dada. Imefika?"

"Marahaba kaka. Imefika. Ile pete ya tatu ni ya nani?"

"Ni yako, ila niliona…"

"Basi mwenye nyumba nilikuwa sijahama."

Nikaomba radhi. Sababu haikuwa tabia mbaya tu. Hatukuwa tumekubaliana nini kimekwisha na nini kinangoja. Pete tupu na pete isiyoisha zinafanana kwenye karatasi. Sasa pete iliyokwisha huwekewa alama ya vema kwa penseli nje ya mchoro, na pete inayopaswa kubaki nyeupe huandikwa "hewa" pembeni yake, kwa penseli vilevile. Alama hizo hufutwa mwishoni. Kuhusu weusi, tulijaribu kulinganisha mikono yetu na kazi ikawa haina ladha, kama chai ya watu wawili walioogopana kuweka sukari. Tukaacha. Siku hizi pete nyeusi hukaa jirani na pete ya hewa kwa makusudi, na ninaona hapo ndipo mandala yetu inapopata mwendo. Kama mikono yenu inatofautiana, mimi ningesema msiifiche.

Jirani wa dalili hii ni petali iliyokosewa na wino umeshakauka. Usikwangue kwa wembe, karatasi itaota manyoya na kila wino utakaopita hapo utasambaa. Usipake nyeupe, inaonekana ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Kosa lirudie kwenye petali zote. Ukiliweka mara kumi na mbili, ni pambo.

Mwenzako amenyamaza

Wiki sita, karatasi iko kwake, ujumbe una alama mbili za bluu na hakuna jibu. Kabla ya kununa, tazama kalenda. Kwa mwalimu, Novemba ni mitihani. Huku kwetu, kuanzia Oktoba, ukimtafuta mtu wa Newala au Tandahimba utaambiwa yuko korosho, na hadi mnada upite hakuna anayeshika kalamu. Ramadhani nayo ina mwendo wake. Sisi tulikubaliana kwamba karatasi hailali kwa mtu zaidi ya wiki tatu bila neno, na neno lenyewe linaweza kuwa moja: "Bado." Likishatumwa, hakuna kuulizana tena kwa wiki tatu nyingine.

Imekwisha, na hamjui ikae kwa nani

Hili litatuliwe siku ya kwanza, kwa sababu siku ya mwisho kila mtu anaipenda. Anzeni karatasi mbili kwa pamoja, moja kila upande, na zikutane njiani. Zikiisha, kila mmoja anabaki na ile iliyoanzia kwa mwenzake. Saini ziwe mbili, kwa penseli, chini ya pete ya nje, na tarehe ya aliyeimaliza.

Ile ya petali kumi na moja iliangukia kwangu. Dada alipoipokea hakusema kitu. Pete iliyofuata aliigawa 22, ya juu yake 44, na kufikia ukingoni macho hayawezi tena kuhesabu. Ya bibi yanaweza. Akija kunisalimia huiendea moja kwa moja ukutani na kidole gumba mbele.

Bahasha ya sasa iliondoka jana kwa rejista, na ukanda wa kujaribia wino uko ndani.